Mwalimu wa Kisumu anauliza: nichukue kamera gani ya mtumba nipige radi?

*"Mimi ni mwalimu hapa Kisumu, nakaa upande wa Riat, na kutoka kwa nyumba naona ile mvua ya jioni ikishuka kutoka Nandi. Nataka kupiga picha za mandhari na hasa radi. Nina akiba ya elfu 70 na nimepata kamera mbili za mtumba. Moja ni Canon 5D Mark II na lenzi ya 50mm f/1.8 ya zamani, elfu 42, ya studio inayofungwa huko Nakuru, ina klika 96,000. Ndani ya lenzi kuna utando kidogo lakini mwenyewe anasema hauonekani kwa picha. Ya pili ni Canon 80D na lenzi ya 18-55 STM, elfu 55, klika 31,000, iko hapa Kisumu, jamaa alikuwa anarekodi nayo video. Rafiki yangu anapiga harusi na anasema bila ful-fremu na lenzi ya f/1.4 nisahau mambo ya radi, kamera ndogo haina spidi ya kuishika. Hizo klika pia zinanitisha. Nichukue gani, na nitajuaje siuziwi mbuzi kwa gunia?"*

Mwalimu, asante kwa kuandika yote hayo, maana wengi huniuliza tu "kamera gani poa" halafu wananyamaza, nabaki nikikisia. Mimi nimekaa na bisibisi ndani ya kamera za watu hapa Nakuru miaka mingi, na jioni nikipata nafasi napanda Menengai kungoja mvua, kwa hivyo swali lako limenigusa pande zote mbili. Nikikusoma vizuri unaogopa vitu vitatu: kwamba bila kamera kubwa, yaani ful-fremu yenye sensa kubwa (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), unapoteza pesa, kwamba klika 96,000, yaani kamera ishapiga picha mara hizo, ni kamera inayokufa, na kwamba huo utando ni kitu unafichwa. Cha kwanza usikiogope, cha pili kiogope kidogo tu, cha tatu kiogope sana.

Tuanze na huyo rafiki yako wa harusi. Hajakudanganya kwa ubaya, anaongea kutoka kwa kazi yake. Kanisani kuna giza, bibi harusi anatembea, huwezi kumwambia asimame urekebishe mambo, kwa hivyo yeye f/1.4 inamlisha, maana hiyo namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi, ikiwa ndogo tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi. Radi ni mambo mengine kabisa. Mmweko mmoja kwa kawaida haufiki hata sekunde moja, na ndani yake mara nyingi kuna mapigo matatu manne yanafuatana kwa njia ile ile, ndio maana unaiona kama inatetemeka. Sasa wewe, kutoka jicho lione mpaka kidole kibonyeze, imepita kama robo ya sekunde, halafu kamera nayo inahitaji muda wake kuinua kile kioo cha ndani. Ukisikia "klak" radi imeshaenda zake. Hakuna mtu anakimbizana na radi, hata mwenye kamera ya milioni. Tunaitegea, vile mvuvi anaacha wavu usiku na kwenda kulala. Kamera iko kwa stendi, unafungua shata, lile pazia la ndani linaloruhusu mwanga kuingia, sekunde 10 au 20 au hata 30, giza linaingia hakuna shida, na radi ikipiga ndani ya hizo sekunde inajichora yenyewe. Shata inafunga, unafungua tena, hivyo hivyo mpaka mvua ikufukuze.

Na hapa ndio pale wengi hupotea, kwa hivyo soma polepole. Radi haijui umeacha shata wazi sekunde ngapi. Ukiweka sekunde 5 ama 30, mwanga wa ile radi ulioingia ni ule ule, kwa sababu yenyewe iliwaka kidogo tu ikazima. Kinachoamua kama radi itatoka nyeupe pee kama waya wa kuchomelea ama nyembamba yenye matawi yake yote ni tundu la lenzi na ISO, yaani namba ya vile kamera inavyohisi mwanga. Muda wa shata unaamua vile vingine, taa za mji, mawingu, mwanga uliobaki angani. Usiku mimi huanza na f/8 na ISO 100. Ikiwa mbali sana nafungua mpaka f/5.6 ama napandisha ISO 200, ikisogea karibu nafunga mpaka f/11 ama zaidi. Sasa niambie mwalimu, f/1.4 ya nini? Ungeniuliza nyota ningekwambia ndio, itakusaidia. Kwa radi unaibeba tu na hutawahi kuifungua hapo. Hata ile 18-55 ambayo watu hudharau, ukiifunga f/8 inatoa picha safi, na mtu akiona hiyo picha imetundikwa ukutani hataweza kukwambia ilipigwa na lenzi ya bei gani.

Mchana ni ngumu kidogo, nisikufiche. Kuna mwanga mwingi, ukiacha shata sekunde 10 picha yote inaungua. Hapo unafunga f/16, ISO 100, unaweka filta nyeusi ya kupunguza mwanga, unapata labda nusu sekunde ama moja, unapiga mfululizo ukiomba Mungu. Kuna vifaa vya kuweka juu ya kamera vinavyohisi mwanga wa radi na kubonyeza vyenyewe, vinafanya kazi kwa sababu hata pigo la kwanza likipita yale yanayofuata yanaweza kuingia. Lakini usinunue mwaka huu. Anza na jioni na usiku.

Haya, bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. 5D Mark II ilitoka 2008, pikseli milioni 21, ful-fremu, na wakati wake ilikuwa kitu, mimi mwenyewe naipenda. Shida yake iko mahali ambapo picha ya dhoruba inaishi, yaani gizani. Fikiria ile picha yako ya Riat: juu wingu limewaka, chini mashamba na mapaa yamezama kwenye kivuli. Utataka kuinua hicho kivuli kwa kompyuta ili Kano ionekane. Ukifanya hivyo na faili ya 5D Mark II inaanza kutoa mistari mistari na madoa ya rangi chafu, ni tabia inayojulikana ya sensa hiyo na si ugonjwa wa kamera moja. 80D ilitoka 2016, pikseli milioni 24, sensa ni ndogo lakini ni ya kizazi kingine, na kwa ISO 100 kivuli chake kinainuka safi zaidi. Kwa hivyo ule usemi wa "ful-fremu ni bora siku zote" hapa unaanguka. Kwa ISO za juu, ukumbini bila flashi, sawa, nisingebishana. Wewe utakuwa ISO 100 karibu kila siku.

Halafu kuna vitu vidogo ambavyo muuzaji hakwambii kwa sababu pengine hata yeye havimhusu. 5D Mark II inatumia kadi za CompactFlash, zile nene, utazitafuta madukani Kisumu mpaka uchoke, na ile sehemu ya kuingiza kadi ina vipini vidogo, kimoja kikipinda ndio unaniletea mimi. 80D inatumia SD ya kawaida. 80D pia ina saa ndani yake ya kujipiga picha kila baada ya muda uliopanga na ya kuacha shata wazi muda unaotaka, 5D Mark II haina, itakubidi ununue rimoti. Ina skrini ya kugeuka, ukiweka kamera chini karibu na nyasi hulali kwa matope kutafuta picha. Ina wayfai pia. Betri zao ni za familia moja, na kwa zote mbili ndani ya menyu kuna sehemu inaonyesha afya ya betri kwa viboksi vitatu. Vikiwa kijani vyote poa, kikibaki kimoja chekundu hiyo betri imechoka, omba kupunguziwa.

Sasa lenzi, na hapa ndio 5D inakufa kabisa kwa maoni yangu. Wingu kubwa la radi huku kwetu linaweza kwenda juu kilomita 12 na zaidi. Tuseme liko Nandi, kilomita 20 kutoka kwako. Kutoka chini mpaka kichwani linachukua kama nyuzi 31 za macho yako. Lenzi ya 50mm kwa ful-fremu ukiishika kwa ulalo inaona nyuzi 27 hivi kwenda juu, yaani kichwa kimekatwa na bado hujaweka hata mti wa mbele. 18mm kwa 80D inaona kama nyuzi 45 kwenda juu, wingu linaingia na shamba linabaki. Na likiwa mbali, upande wa Kericho huko, unavuta mpaka 55. Ndio maana sikwambii ukimbilie lenzi pana sana kwanza. Watu hununua ile 10-18 halafu wananiletea picha ambapo dhoruba nzima ni kama ua la pamba katikati ya anga tupu. Lenzi pana ni ya siku wingu liko juu ya kichwa chako, na siku hiyo unatakiwa uwe ndani ya nyumba. Itafute baadaye kwa mandhari, ni nzuri na si ghali, lakini kumbuka ni ya kamera ndogo, haikai kwa 5D.

Huo utando. Kuna mambo mawili yanafanana, ukungu wa mafuta yaliyokauka kwa vioo, na fangasi. Fangasi ni kiumbe, anakula uchafu na unyevu uliobaki juu ya kioo, anatoa asidi, akikaa sana anakula hata ile rangi ya juu ya kioo na hapo hata nikimfuta alama inabaki. Anapenda giza na hewa nzito, yaani droo ya studio ama begi lililofungwa miezi sita, na nyinyi wa karibu na ziwa mjue mnamlea bila kujua. Muuzaji anaposema hauonekani kwa picha anasema ukweli wa studio: mwanga unatoka nyuma ya kamera, ukuta ni wa rangi moja, hutaona kitu. Elekeza hiyo lenzi kwa radi usiku ama kwa jua linalochungulia chini ya wingu na kila uzi wa fangasi unashika mwanga, picha nzima inakuwa kama imepuliziwa maziwa. Washa tochi ya simu, fungua tundu lote, angalia kwa upande na si moja kwa moja. Ukiona nyuzi kama za buibui, mrudishie. Nilishawahi kuhurumia moja nikaiweka begi moja na zangu za kazi. Sitarudia.

Na vumbi la sensa nalo ni hivyo hivyo. Mpiga harusi yuko f/2 kila siku, vumbi halijichori. Wewe ukifunga f/11 na anga ndio nusu ya picha, kila chembe inakuwa doa jeusi juu ya wingu. Mwambie muuzaji akupe dakika tano, weka f/22, elekeza ukutani mweupe ama angani, ukivuruga fokasi makusudi, piga, halafu kuza picha uizunguke yote. Madoa mawili matatu ni kawaida, fundi anasafisha. Mikwaruzo ama doa lenye kingo kama tone la mafuta, hiyo muulize vizuri. Na tafadhali usipulize kwa mdomo, mate yakikauka hapo utanilipa mara mbili.

Klika sasa. Canon walikadiria shata ya 5D Mark II kwa 150,000 na ya 80D kwa 100,000. Hizo si tarehe za kufa, nimeona zilizopita mbali na zilizokufa mapema. Kwa hivyo 96,000 peke yake isingenikimbiza. Ila piga hesabu ya kazi yako: ukifungua shata kila sekunde 10 kwa masaa mawili hizo ni klika 720 usiku mmoja. Usiku ishirini ni zaidi ya 14,000. Dhoruba inakula shata kuliko watu wanavyodhani, ndio maana bora sekunde 20 ukiweza. Na hiyo 31,000 ya 80D pia isikulaze usingizi, jamaa alikuwa anarekodi video, na video haiongezi klika vile picha zinaongeza. Sensa inaweza kuwa imekaa imewaka masaa na masaa na namba isiseme. Kwa hivyo mpime hivi: funika lenzi, ISO 800, sekunde 30, halafu kuza hiyo picha nyeusi. Vidoti vichache vya nyekundu na bluu si neno. Vikiwa kama nyota za Turkana, ondoka. Geuza ile skrini pande zote mara kadhaa uone kama inazimika, waya wake huchoka hapo kwa bawaba. Kisha piga ukuta wa matofali kwa f/8, ukisimama sawasawa, ulinganishe kona nne. Kona moja ikiwa haina makali na zingine safi, pengine lenzi ilianguka.

Kuhusu kuuziwa mbuzi kwa gunia: nenda na kadi yako na rafiki, mkutane mchana mahali pana watu, na usitume hata shilingi ya "kukushikilia" kwa M-Pesa kabla mkono wako haujaigusa. Linganisha namba iliyo chini ya bodi na ile inayojiandika ndani ya faili ya picha. Zikitofautiana ama ile ya chini imekwaruzwa, usiulize maswali, kunywa soda yako uende. Mwombe mwenyewe akuandikie karatasi ya mauzo yenye hiyo namba na nakala ya kitambulisho. Asiyeiba hakatai. Na kama unaona hujiamini, mlipe fundi wa kamera saa moja yake mwende pamoja, hasa kwa kuangalia sensa na fangasi. Hayo mambo mawili maelezo ya maandishi hayatoshi kama hujawahi kuyaona kwa macho.

Kwa hivyo ningekuwa wewe ningechukua 80D, ikipita hayo majaribio, na ile elfu 15 inayobaki isiende kwa lenzi. Nunua stendi nzito, hata ya mtumba ya mtu wa video, yenye kidoano katikati cha kutundika begi la mawe, kwa sababu upepo unaotangulia mvua unatikisa stendi za plastiki kama mwanasesere. Betri ya pili. Kadi mbili. Na pakiti za silika za kukausha unyevu ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko. Kama 80D itakuwa imeuzwa, tafuta Nikon D7200 kwa macho yale yale, kivuli chake pia kiko safi. Ukikutana na Nikon D600 kwa bei tamu, ujue ndiyo ile ilisifika kwa kurusha mafuta kwa sensa mpaka Nikon wenyewe wakakubali kubadilisha shata bure 2014, kwa hivyo uliza kama ya huyo ilibadilishwa.

Siku ya kwanza ukitoka, zima kile cha kupunguza chengachenga za picha ndefu kwa menyu, maana ukipiga sekunde 20 kamera inakaa sekunde 20 zingine ikijisafisha na radi nzuri itapiga hapo hapo, naapa. Fokasi usiachie kamera, gizani itahangaika. Washa skrini ya nyuma, kuza mara 10 kwa taa ya mbali, hata zile za wavuvi wa omena ziwani zinatosha, zungusha mpaka iwe nukta ndogo kabisa, kisha peleka swichi MF, yaani fokasi ya mkono. Hiyo lenzi ya STM fokasi yake inazungushwa na umeme, kwa hivyo ukizima kamera angalia fokasi tena. Zima pia kitulizo cha lenzi ukiwa kwa stendi.

Wakati, wewe umeshaujua kwa macho. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko ziwa, upepo unatoka ziwani unapanda, unakutana na ule wa mashariki kwenye milima ya Nandi na Kericho, mawingu yanafura alasiri na jioni yanasukumwa kwenu. Jua likiwa nyuma yako magharibi linayawasha, na upinde wa mvua unatokea upande ule ule unaoangalia. Usiku mambo yanageuka, nchi kavu inapoa na radi nyingi zinahamia ziwani, hizo ndizo za kupiga ukiangalia magharibi. Ila usiende kukaa Hippo Point peke yako usiku, viboko hutoka kula nyasi na jina halikuwekwa bure.

Na radi yenyewe. Sauti inatembea kilomita moja kwa kama sekunde 3. Ukiona mmweko, hesabu, ukifika 30 kabla ya ngurumo basi hiyo iko kilomita 10, zikipungua hapo ingia ndani ama kwa gari lenye paa la chuma ufunge vioo, si chini ya mwembe, si kwa kibanda cha mabati kilicho wazi. Ngoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Kwa Riat uko juu ya kilima, kwa hivyo wewe mwenyewe ni mti. Panga ile saa ya ndani ya 80D, ivalishe kofia ya kuogea ile ya nailoni ukibana na raba, tundika mawe kwa stendi, uiache hapo nje ikipiga sekunde 20 baada ya sekunde 20, wewe uko jikoni na chai.